Mapafu ya Bibi Hayana Kitu

— Simu haiwezi kukosea! Labda bibi mwenyewe ndiye kaikosea simu!

— Bibi kakosea nini? Kuwa mzima?

Kinyozi na Mstaafu walikuwa wamesimama, kila mmoja na kikombe chake, na kahawa ilikuwa inamwagikia miguu yangu. Benchi lao limeegemea ukuta wa nyumba yetu, chini ya dirisha la Bibi. Mimi ndiye ninayewapikia kahawa tangu nilipoacha shule kidato cha pili ili nimuuguze. Wiki tatu zilizopita mhudumu wa afya wa mtaa alikuja na simu yenye akili bandia: mtu anaikoholea mara tano, nayo inasema kama mapafu yana hatari. Kwa Bibi ilitoa rangi nyekundu. Tukaenda hospitali, tukapanga foleni siku nne, akapigwa picha ya kifua, akapimwa makohozi. Jana tukapewa majibu: hana kitu, kikohozi chake ni cha moshi wa jiko. Nilitakiwa kufurahi. Nilikuwa nimechoka tu.

— Inayodanganya ni picha, alisema Fundi Redio bila kuinuka benchini. Hata mke wangu akipigwa picha anabana tumbo. Mapafu nayo yamejibana.

— Wala hayajajibana, alisema Kinyozi. Ugonjwa ulisikia habari za hospitali, ukahama. Saa hizi uko gotini. Si mnamwona anavyochechemea? Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Kama ugonjwa ulivyoingia gotini.

Sauti ya Bibi ikatoka dirishani:

— Goti langu linawahusu nini? Mwenye mapafu niko hapa, nawasikia!

— Shikamoo, Bibi.

— Marahaba. Punguzeni kelele.

Wakapunguza, lakini kidogo. Mstaafu akainama kama mtu anayetoa siri ya serikali.

— Hizi simu zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Ilichukua kikohozi cha mtu wa mji mwingine, ikambandika bibi wa watu. Mbona mimi kila asubuhi napigiwa na mtu ananiita shemeji, na simjui?

— Huyo unamjua, alisema Fundi Redio.

Walikuwa bado wanacheka pale mhudumu wa afya alipofika na mkoba wake begani. Alionekana hajalala vizuri. Nilimpa kikombe, akakishika tu bila kunywa.

— Nimeyaona majibu ya bibi, aliniambia. Siku ile nilikuachia simu, nikaenda kujaza fomu kwa jirani. Hebu niambie, aliyekohoa ni nani?

Kinyozi alimtazama Mstaafu. Mstaafu alimtazama Fundi Redio.

— Ni mimi, nilisema. Bibi alikataa. Alisema hawezi kuikoholea simu kama mwendawazimu, nikohoe mimi, damu yetu ni moja. Nikakohoa mara tano.

— Ulijilazimisha?

Nilifikiri kwanza. Sikutaka kumdanganya tena.

— Hapana. Kikohozi kilikuja chenyewe.

— Kimeanza lini?

— Sikumbuki. Tangu kabla ya mvua. Nilidhani ni uchovu.

— Na usiku unatoka jasho?

Nikaitikia kwa kichwa. Mhudumu aliweka kikombe chini, akanishika kiganja. Fundi Redio alivua kofia, kisha akaivaa tena. Hakuna aliyeomba kuongezewa kahawa.

Ndipo nikasikia komeo linafunguliwa. Bibi alikuwa mlangoni, amevaa viatu vyake vya safari, mkono mmoja ukutani kwa ajili ya goti, na kadi yangu ya kliniki ya utotoni mkononi.

— Zima jiko, mama. Leo nakupeleka mimi.