Rangi ya Kucha ya Bi. Mwanasiti

Ndugu msomaji, nakuomba sana, yaliyomo humu yabaki kwako hadi Ijumaa baada ya swala. Bi. Mwanasiti Chande asiyaone wala asiyasikie. Meneja ameshanionya mara mbili.

Bi. Mwanasiti anastaafu Ijumaa hiyo, tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha ukaguzi wa magari hapa Ukunda. Alianza kwa kupima breki. Kipimo cha moshi kilipoletwa akakabidhiwa yeye, kwa kuwa wengine tuliogopa masizi.

Malori ya mchanga yalifaulu kipimo hicho vizuri mno. Hata hivyo Mwalimu Kanze, wa chekechea iliyo kando ya barabara ya Msambweni, aliendelea kufunga madirisha huku watoto wakikohoa. Bi. Mwanasiti akashuku. Akatoa rangi ya kucha mkobani, akatia doa jekundu kwenye nozeli za lori moja, vile vyuma vinavyonyunyiza dizeli ndani ya injini. Wiki haikwisha, doa lile likarudi ndani ya lori jingine, kisha jingine. Kumbe madereva walikuwa wakiazimana nozeli nzima za siku ya kipimo, wenyewe waliziita “kanzu ya Idi.” Lori la tatu lilipofunguliwa, Bi. Mwanasiti aliinama akaziitikia kana kwamba zimemwamkia: “Marahaba, wanangu! Leo mmekuja na baba yupi?” Dereva alicheka hadi akakaa chini. Mwenye lori hakucheka.

Tangu hapo alishikilia kwamba kipimo cha kituoni peke yake hakipunguzi moshi. Akaomba ruhusa ya kupima barabarani, bila taarifa, karibu na chekechea. Akaruhusiwa, na wenye malori wakanunua nozeli zao. Siku hizi Mwalimu Kanze hufungua madirisha. Tukimsifu, Bi. Mwanasiti hutukumbusha kuwa malori mengine machakavu yaliuzwa Taru, yakaenda kutoa moshi huko, na upepo wa kusi nao una sehemu yake.

Hofu yake ni moja: akiondoka, kipimo cha barabarani kitaondoka naye. Nasi tumemwacha aamini hivyo. Ijumaa, mbele ya wageni, Tofiki aliyefunzwa naye atakabidhiwa kazi hiyo rasmi, pamoja na chupa mpya ya rangi ya kucha. Tofiki asema mkewe ameshaarifiwa mapema kuhusu chupa hiyo.

Bi. Mwanasiti, ahsante sana. Mungu akujaalie afya, wajukuu na madirisha wazi.

Ukiona kosa la jina au tarehe, tafadhali nipate dirisha la pili la mapokezi kabla ya Alhamisi. Ukimkuta Bi. Mwanasiti amesimama hapo, niulize tu habari za stika ya ukaguzi. Nitaelewa, nitakufuata nje.