Bi Cheche na Ngazi za Minara ya Baharini

Marehemu, aliyeitwa Dada Mkubwa nyumbani na Bi Cheche mjini, alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na muuza mkaa. Hakuwa mtu mpole, na leo si siku ya kumsingizia upole.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1976, akaingia chuo cha ufundi, ambako walimpangia darasa la ushonaji. Wiki ya pili alikutwa karakana ya uchomeleaji. Mwalimu alipomfuata, alijibu kuwa bado anashona, ila kitambaa ndicho kigumu. Wakamwacha.

Mwaka 1985 alifungua karakana yake nyuma ya bandari, akitengeneza mageti na grili za madirisha. Hapo alikutana na mumewe, dereva wa kreni, aliyekuja kulalamikia geti lililogoma kufunga. Walivutana siku nzima, na tarehe 14 Novemba 1987 wakafunga ndoa. Marehemu alishikilia hadi mwisho kwamba geti lilikuwa zima, ukuta ndio uliopinda.

Kampuni ya umeme wa upepo ilipokuja mwaka 2013 kusimika minara baharini, kila kitu kilishushwa melini, hata bolti, hata wachomeleaji. Vijana wa hapa walipewa kazi ya kulinda uzio. Jambo hilo lilimkaa kooni. Alimwendea ofisa ununuzi, wala hakuomba mnara.

"Mnara ni wenu," alimwambia. "Ngazi za kuupandia nipeni mimi."

Akapewa ngazi chache za majaribio, akazigawa kwa karakana za mahasimu wake, kwa kuwa peke yake asingeziweza. Wakafanya kosa ambalo ni watengeneza mageti tu wangelifanya: wakazipaka rangi ya njano, zikang'aa. Mteja wa geti hununua kwa macho. Mkaguzi akazikataa zote, maana mshono wa chuma uliofunikwa rangi haukaguliki. Mafundi wakanuna, wakasema wamefanyiwa hila. Bi Cheche akachukua grinda, akaikwangua rangi mbele ya mkaguzi. Chini yake mishono mingi ilikuwa na matundu, na mingine ilikuwa yake mwenyewe.

Hapo mwingine angebembeleza. Yeye aliacha kudai kazi, akadai mwalimu: mwaka mmoja wa mafunzo hapahapa karakanani, na atakayefaulu mtihani apewe ngazi. Ofisa akalia gharama.

"Ngazi ikilegea mtaita meli ya mbali, mkae mnaingoja," akamwambia. "Mimi nitafika kabla chai yako haijapoa."

Ofisa akacheka, na Bi Cheche akajua bei imeshashuka. Mwalimu akaletwa.

Mtihani wa kwanza Bi Cheche mwenyewe alifeli, mbele ya mafundi aliowafundisha kushika koleo. Akarudia, akafaulu. Tangu hapo ngazi na majukwaa ya minara ile yametoka karakana za mji huu.

Februari 2023 figo zilianza kumsumbua. Kampuni ilipopanga awamu ya pili ya minara, zikavuma habari kwamba kazi itahamishiwa kiwanda cha mbali, kwa kuwa mwenye kauli ni mgonjwa. Alimtuma kifungua mimba wake, mchomeleaji mwenye cheti, akazungumze nao. Binti aliporudi wodini, mama hakuuliza habari za safari.

"Wamekubali?"

"Ngazi na majukwaa, mama. Na mwalimu safari hii anatoka kwetu."

"Gharama za usafirishaji nani anabeba?"

"Wao."

"Mwanzo walisema nani?"

"Sisi."

Akageukia ukutani, akalala. Alifariki alfajiri iliyofuata, tarehe 3 Mei 2024, akiwa na umri wa miaka 61.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, wadogo zake wawili, na wachomeleaji watakaoingia kazini kesho asubuhi kama kawaida, maana hivyo ndivyo alivyoagiza. Kazi imebaki kwetu. Naye sasa apumzike, amani iwe yake.