Tuulikki Hakola na Radhi Aliyochelewa Kuomba

Dada yetu mpendwa Tuulikki Hakola alizaliwa mjini Kajaani tarehe 4 Februari 1966, mtoto wa pili wa fundi simu Eino na mkewe Saimi. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Mama akisema sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, imepoa, yeye hujibu, "Haijapoa, ninyi ndio mmezeeka."

Alisoma Kajaani, kisha Oulu, alikohitimu shahada ya kompyuta mwaka 1991. Mwaka 1994 aliolewa na Veikko, mtu mpole aliyevumilia mengi, naye anajua kwamba sisi tunajua.

Kazi yake ilikuwa kusimamia programu ya bure inayopanga madirisha kwenye kioo cha kompyuta. Ukifungua madirisha kadhaa, unayoyaandika yaingie lipi? Wengi hubofya kwanza lile wanalolitaka. Wachache walipenda dirisha lipokee maandishi mara tu kishale cha kipanya kinapolifikia, bila kubofya. Mwaka 2009 Tuulikki aliwaondolea hao wachache chaguo lao. Bwana Aarne Lintula wa Rauma akaandika kwenye jukwaa la watumiaji mtandaoni, kwa adabu, akiomba lirudishwe. Dada yetu akamjibu mbele ya wote: "Mzee, dunia nzima inabofya. Kidole kinakuuma? Basi rudi kwenye kalamu yako!" Watu wakacheka. Bwana Lintula alishukuru kwa jibu, asiandike tena.

Baadaye mwenzake wa kazini alimwambia Tuulikki, "Wewe, yule mzee hana vidole mkono wa kulia. Vilikatwa na msumeno kiwandani." Siku hiyo Tuulikki hakula. Chaguo alilirudisha kimya kimya, bila neno la pole. Ulimi hauna mfupa, lakini wa dada yetu ulimvunja mtu.

Mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli. Vidole ndivyo vilivyotangulia. Akawa anasukuma kipanya kwa ngumi, akitumia chaguo lilelile. Nilimwambia, "Mwandikie basi yule mzee." Akanijibu, "Naona haya, Ilpo. Nimwambie nini? Kwamba nimemkumbuka baada ya yangu kunifika?"

Alifariki nyumbani kwake Oulu, tarehe 11 Machi 2024. Kabla kauli haijamwisha alituagiza tuyasome haya yote hapa mazishini, kwa kuwa alimtukana mzee huyo mbele za watu. Nilimsihi tupunguze, akakataa. Ni aibu yetu sote, na mimi kaka yake ninasoma bila kuinua macho.

Ameacha mume, Veikko, binti, Kaisu, mjukuu, Onni, na sisi ndugu zake, Ilpo na Raija.

Bwana Lintula, tulipokupigia simu ulisema utaona. Kiti kilicho kando ya Veikko, kwenye mstari wa familia, ni chako. Ukikikalia tutashukuru. Ukikiacha wazi, ni haki yako, na hatutakuwa na neno.

Tuulikki apumzike kwa amani. Na wewe, Bwana Lintula, uipate yako ungali hai.