Ambari bin Djaanfar, Karani Aliyekataa Kubadilisha Neno

Assalaam aleikum mama zangu mlioko ndani na kina baba mlioko barazani, mimi ni Nadjati, mtoto wa pili wa marehemu, nasoma kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo alivyousia, na Mama mdogo Hayati atawafasiria wasioelewa, mkiniona naharakisha mnivumilie, mwanangu ana miezi minne na akiamka itabidi nikatize.

Baba yetu, Ambari bin Djaanfar, alizaliwa tarehe 14 Machi 1924 Unguja, mtaa wa Malindi, baba yake akiwa Mngazija mshona kofia, akasoma chuoni Qurani, kisha skuli mpaka mwaka 1941, akawa karani bandarini, na mwanzoni mwa mwaka 1965 akaja Moroni, nchi ya wazee wake, mtu wa miaka arobaini na moja anajifunza Kifaransa pamoja na watoto wanaomcheka matamshi, naye akiwaambia chekeni, mwezi ujao nitawasahihisha, na kweli akawasahihisha.

Tarehe 20 Agosti 1965 alimwoa mama yetu, Djaouharia binti Abdou, akaingia nyumba hii ya Mutsamudu, ambayo ni ya mama kama ilivyo ada yetu, wakajaliwa watoto watatu, kaka Oumouri mwaka 1966, mimi mwaka 1967, na Zouhoura mwaka 1971, na mama hukumbuka kwamba ukimwuliza mumewe kama chumvi imetosha, mchuzi hupoa kabla hajachagua jibu.

Mwaka 1968 aliajiriwa katika ofisi moja ya serikali Moroni kuandika maelezo ya watu waliokamatwa, akawa na namna yake, mtu anasema kwa Shingazidja, baba anaandika kwanza kwa Kiswahili, lugha aliyofikiria nayo, ndipo anapeleka kwenye Kifaransa, halafu anamsomea mwenyewe maneno yake mpaka akubali, na sisi watoto alitufundisha kwamba aliyeona kwa macho yake husimulia, aliyesikia kwa mwenzake huhadithia, aliyeulizwa hueleza, na kukiri ni kwa mwenye kosa peke yake, ukikosea hapo umemfunga mtu kwa kalamu.

Basi mwezi Mei 1978 mamluki wa kizungu wakaja wakapindua serikali, mnajua, na tarehe 11 Juni 1979 akaletwa mbele yake mvuvi wa Itsandra, Mmadi, ambaye yuko hapo barazani leo, kosa lake ni kuwaambia wenzake kijiweni alichokiona ufukweni alfajiri ile waliposhuka, baba akaandika kwamba Mmadi amesimulia, mkubwa mmoja akasoma akataka iwe amekiri kueneza uvumi, neno tu, akasema, badilisha tukale, na baba akajibu kwamba huyu hakukiri, nimemsomea mara mbili, kama mnataka neno hilo mwandike wenyewe na mtie saini yenu, na hapakuwa na mwingine aliyeapishwa kutia saini, karatasi ikalala pale, Mmadi akakaa ndani miezi mitatu akaachiwa.

Sasa hapa, mama zangu, Mjomba Chanfi alikata mstari wangu jana kwenye karatasi hii akaandika kwamba mwaka 1979 marehemu alistaafu, alinionea huruma, mume wangu ni mtumishi wa serikali, mamluki wangalipo, na barazani wamekaa watu tusiowajua, na mimi naogopa, lakini baba hakustaafu, alifukuzwa kazi tarehe 15 Juni 1979, bila barua, akiwa na miaka hamsini na mitano, basi neno hilo nimelisoma.

Alirudi hapa Mutsamudu akawaandikia barua watu wa mji na wa Mirontsy, majirani zetu, mwaka 1983 kisukari kikampata, Oktoba iliyopita akakatwa mguu wa kushoto, na Jumapili tarehe 2 Februari 1986, baada ya sala ya adhuhuri, akafariki katika nyumba hii, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliombeba juu ya kiti kwenye vichochoro hivi ambako gari haliingii, tena kwa zamu bila kuitwa, makarani wenzake watatu waliovuka bahari kutoka Moroni, sitawataja majina, na Mmadi, aliyeleta samaki kila mwaka na kila mwaka akaambiwa na baba kwamba hadaiwi kitu.

Baba amekwenda kwa Mola wake, amlaze pema na kaburi lake liwe na nafasi, na nyinyi mkiulizwa kesho nani alisoma neno lile, msihangaike kumficha mtu, semeni ni Nadjati binti Ambari, wa nyumba ya Djaouharia, mjomba wake alimkataza na hakusikia.