Komo la Binti Abdulwakil

Benchi la kijiwe cha Makorora lina mguu mmoja uliokatika, ukawekewa tofali. Anayekaa upande wa tofali hushinda kila ubishi, maana akichomoka kwa hasira wote wanakwenda chini. Alasiri ile aliyekalia tofali alikuwa Mzee Hosea, karani mstaafu wa shamba la mkonge, aliyebatizwa Kamusi kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kusema "sijui". Ubavuni mwake alikuwapo Laurenti, fundi pikipiki, ambaye ndiye Injinia. Abdulla wa Kigombe alikuwa akimimina kahawa. Na katikati yao, uso umemshuka mpaka unamwonea huruma, alikaa Abdulwakil, kijana wa Kipemba aliyefukuzwa asubuhi ile na mama mkwe wake kule Usagara, siku yake ya kwanza kumwona mwanawe mchanga.

— Hebu tuanze upya, alisema Kamusi. Ulifika, ukasemaje?

— Mzee wangu, nimetoka Pemba kwenye karafuu, sijalala. Nikabisha hodi, nikamwamkia mkwe, akanipa mtoto. Kumfunua tu, ulimi ukaniponyoka: "Lo! Komo lote hili la nani?"

— Yarabi! Abdulla nusura amwage kahawa. Na mkweo Bi Tuhfa mwenyewe, komo lake linaingia mlangoni, halafu ndiyo anafuata yeye!

— Ndiyo hapo sasa. Kaninyang'anya mtoto. Kanambia: "Nenda katafute neno la kusema. Ukilipata, urudi." Na magharibi hii wajomba wanakuja kumsomea mtoto dua. Baba nisipokuwapo, nitauweka wapi uso wangu?

— Neno tu? Kamusi alijiweka sawa juu ya tofali. Hilo dogo. Komo ni neno la kutukania, bwana mdogo. Mtu mstaarabu husema paji. Paji la uso.

— Paji ni la watu wa kawaida, alidakia Injinia. Likishatokeza mbele, hilo ni komo, hata ulivishe kanzu. Na lina kazi yake. Lile ni kibaraza! Mvua ikinyesha, macho hayalowi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ufa umeingiaje hapo? aliuliza Abdulwakil.

— Umeingia tu. Kunywa kahawa.

— Mimi nasema aseme kipaji, Kamusi aliendelea. Kipaji cha uso. Mungu alipogawa akili, kila mtu alibandikiwa yake hapo mbele. Ndiyo maana mwenye akili nyingi tunasema ana kipaji. Sasa mtoto huyu kabandikiwa fungu la watu watatu!

Abdulwakil aliinua uso kidogo. Hilo lilimpendeza. Alijiona tayari yuko mlangoni, anamwambia mkwe kwamba mjukuu wake atakuwa hakimu.

— Akili wapi! alisema Abdulla. Kule kwetu Kigombe tunajua, majaliwa ya mtu yameandikwa kwenye paji. Mwenye kipaji chembamba kaandikiwa herufi ndogo, hasomeki. Mwenye komo kaandikiwa herufi kubwa, malaika anamsoma akiwa mbali. Mimi n'na mjomba wangu, komo kama sinia, kaanguka mnazi mara tatu, yuko hai!

— Huo mnazi ndio umempa komo, alisema Injinia.

— Na zile ndita mtu anapokunja uso? aliuliza Abdulla.

— Mistari ya daftari, Kamusi alijibu pale pale. Ili mwandiko usiende upande. Haraka haraka haina baraka.

Wakacheka mpaka benchi likayumba, na hata Abdulwakil akacheka, ingawa moyoni alikuwa anahesabu muda. Jua lilikuwa limeshavuka paa la msikiti. Alikuwa na paji, alikuwa na kipaji, alikuwa na herufi za malaika, na bado hakuona hata moja la kumwambia mkwe.

Ndipo akapita Praxeda, muuza maandazi, beseni kichwani. Akamwona Abdulwakil, akasimama.

— Shikamoo Mzee Hosea. Abdulwakil, hongera, mwanangu! Nimesikia ni binti. Na mzazi je, Khadija, hajambo?

Khadija alikuwa chumbani mle mle asubuhi, nyuma ya pazia. Aliisikia hodi yake, akalisikia na lile komo. Siku tatu tangu ajifungue, na mumewe hakumwuliza neno. Aibu ilimpanda kijana wa watu mpaka masikioni.

Akamgeukia Kamusi, kama vile huko kutakuwa na jibu.

— Sijui, alisema Mzee Hosea.

Injinia alimtazama kana kwamba amesikia mnazi ukiongea. Abdulwakil alishainuka, kikombe kakiacha kimejaa, anakaza mwendo kuelekea Usagara.

Alipobisha hodi alikuwa anahema. Bi Tuhfa akasimama mlangoni, ndita tatu juu ya komo.

— Umelipata hilo neno?

— Mama, Khadija hajambo?

Bi Tuhfa alimtazama. Ndita zikaanza kufunguka, moja baada ya moja, na yeye akasogea pembeni.

— Pita ukamuulize mwenyewe.