Kitabu cha Umeme

Ndani ya taksi ya kwenda mtaa wa Kikula, bwana mmoja aliyejitangaza kuwa mwalimu kabla hata hajakaa alikuwa akikicheka kitabu cha umeme alichoshika mama aliyeketi kando yake. Chérie, abiria wa kiti cha nyuma, alishamchukia kuanzia kwenye tai yake ya shingoni.

"Kitabu ya courant kwa mutoto? Mama, mupatie hadithi ya sungura, alale!"

"Ya sungura alishaimaliza, maître. Sasa anauliza sababu gani kamba za courant ya bwawa ya Koni zinapita juu ya nyumba yetu, na siye giza ikiingia tunawasha bougie."

"Maulizo kama ile apeleke kwa mwalimu wake!"

"Alipeleka. Mwalimu alimuambia akae chini."

Taksi ikasimama. Mwalimu akashuka haraka, bila kuuliza mtoto anasoma shule gani.