Safu Tatu za Mibuni Alizopewa Mungu

Kijiwe cha Ketura kiko Bwera, kando ya barabara iendayo mpakani mwa Kongo, pale boda boda zinapogeuzia. Mali yake ni jiko la mkaa, mabirika mawili meusi, vikombe visivyofanana hata viwili, na benchi moja la mkalitusi lenye mguu mbovu. Kwa ajili ya mguu huo kuna sheria: anayekaa mwisho, upande wa jiko, hasimami bila kutoa taarifa, kwa sababu uzito wake ndio unaowashikilia wenzake. Hata mlevi huitii sheria hiyo. Ijumaa ile ya soko, kabla birika la kwanza halijachemka, lori la matofali lilipita likipanda kilimani, na Ketura alijua linakokwenda. Lilikuwa linakwenda shambani kwake.

Habari yenyewe Bwera nzima iliijua. Jumapili iliyopita, kwenye mkutano mkubwa wa uamsho uliofanyika uwanjani, Thembo, shemeji yake Ketura, alipanda jukwaani, akapewa maikrofoni, akatubu. Alisema kwamba baada ya kumzika ndugu yake mwaka jana, aling'oa miti ya mpaka akaihamisha, akazimeza safu tatu za mibuni za mjane. Watu wakalia. Kabla machozi hayajakauka, Thembo akaongeza kwamba kile kipande cha ardhi anamtolea Mungu, ijengwe nyumba ya maombi. Mhubiri akaruka juu, makofi yakapigwa mpaka ng'ombe waliokuwa wakilisha pembeni wakakimbia. Ketura alikuwa amekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji mara tatu, na mara zote aliambiwa alete shahidi. Sasa alikuwa na mashahidi wa uwanja mzima, na shamba lilikuwa limekwenda mbinguni.

— Mama Masika, leo kahawa iko kali, Kambale alimwambia Ketura. Huyu ni mwendesha boda, wanamwita Pasipoti kwa sababu anavuka mpaka mara sita kwa siku na hajawahi kuwa nayo. — Kali sawa na uso yako.

— Kunywa, unyamaze.

— Mais, mama, alisema kwa Kifaransa chake cha kuvukia mpaka, unakasirikia nini? Mutu ametubu. Mbele ya batu yote. Unataka nini tena?

— Nataka mibuni yangu.

— Ile mibuni iko ya Mungu sasa. Utamushitaki Mungu? Nani atamupelekea barua ya korti?

Ketura aliweka birika chini kwa kishindo.

— Mutu akiiba kuku yangu, akaipeleka madhabahuni, ile kuku imekuwa ya Mungu?

Kambale alifikiri kwa dhati.

— Inategemea kama imeshachinjwa.

— Toka hapa!

— Ngoja, mama, nikueleze. Wahenga walisema, mukono mutupu haulambwi. Muzee Thembo angesimama mbele ya Mungu na mukono mutupu? Ndiyo maana alibeba shamba.

Methali hiyo haikuhusika hata kidogo, lakini pale kijiweni methali hutumiwa kama chumvi ya Katwe. Hutiwa palipo na chakula na pasipo na chakula. Aliyekaa katikati ya benchi akapiga goti lake kofi. Huyo ni Ojara, askari mstaafu, Mwacholi aliyeletwa na jeshi akiwa kijana, akasahauliwa hapa mpaka uzeeni. Wote humwita Afande.

— Kimya! Hii maneno iko rahisi. Mimi nilikuwa Karamoja, kazi ya kukusanya bunduki. Mtu anakuja, analia, "Afande, nilikosa, samahani." Mkubwa yetu anamwambia nini?

— Anamwambia, Mungu akubariki, alisema Kambale.

— Mjinga! Anamwambia, wapi bunduki? Kulia ni baadaye! Weka bunduki hapa chini, halafu ulie mpaka jioni. Huyu mhubiri yenu aliuliza wapi bunduki? Hakuuliza. Alipiga kelele tu. Hii kanisa ya siku hizi haina komanda.

— Haikuhitaji komanda, alisema Nasani.

Nasani ndiye anayekaa mwisho, upande wa jiko. Alikuwa katekista miaka thelathini na mitano, na kijiweni jina lake ni Agano la Kale. Akianza kusema hata Kambale hushusha kikombe.

— Mama yangu alikuwa mmoja wa balokole, wale waliookoka wa kwanza huku kwetu, ule moto wa uamsho ulipotoka upande wa Ruanda ukatufikia. Siku moja alisimama katika ushirika wao, akasema, "Ndugu zangu, jembe ninalolimia si langu. Nililiiba kwa mjane mmoja wa Kinyamaseke nikiwa msichana." Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alimwuliza neno moja tu. "Dada, liko wapi?"

— Komanda! alipaza sauti Ojara. — Huyo ndiye komanda!

— Jembe lilikuwa limelika, limebaki kama kijiko. Wakalibeba hivyo hivyo. Wakaenda kwa miguu, wanaimba, mpaka kwa yule mjane. Wakampa lile lake la zamani na jipya juu yake. Mjane alicheka, akasema, "Hili kuukuu la nini?" Mama akamjibu, "Ili ujue kwamba ni lile lile."

Ketura aliposikia hayo alitamani mtu mmoja tu amjie na mti mmoja wa mpaka, hata uwe umekauka, amwambie ni ule ule.

— Na muzungu wa misheni? aliuliza Kambale. — Alifurahi?

— Alikasirika! Alisema wamezidisha kelele, Mkristo safi hatangazi uchafu wake barabarani. Wiki ile ile mpishi wake akamrudishia sahani nne na blanketi. Basi, hakusema tena kuhusu kelele.

Walicheka. Ketura hakucheka.

— Sasa niambieni, alisema. — Wale walirudisha jembe. Huyu amerudisha nini? Imani si ni ile ile? Kitabu si ni kile kile?

Lilikuwa swali la mtu aliyeumia, lakini kijiwe kikilipata swali hakiangalii limetoka kwa nani. Nasani alijibu wa kwanza, kwa upole wa mtu anayefundisha.

— Ni viatu. Walimu wa kwanza walioleta injili huku walikuja peku, kitabu kichwani, wakipanda na kushuka milima hii. Mtu wa peku akikanyaga shamba, anajua ni shamba la mtu. Anahisi udongo umelimwa. Hawa wanakuja kwa gari la vioo vyeusi, wanashukia jukwaani. Udongo wa nani watauhisi?

— Si viatu, alisema Kambale. — Iko ile masipika ya mukutano. Uliona zilitazama wapi? Zilitazama Kongo! Ile toba ya Thembo ilipita juu ya kichwa yetu, ikavuka mto, ikaanguka Kasindi. Saa hii mimi nakwambia, kule Kasindi kuko mutu anarudisha mbuzi ya jirani, na hajui kwa nini.

— Upuuzi! alisema Ojara. — Ninyi hamuangalii juu. Angalieni ule mlima. Zamani theluji ilikuwa inashuka mpaka hapa. Baridi! Mtu alikuwa anatetemeka. Akisikia neno la Mungu, tayari anatetemeka, inakuwa rahisi. Sasa theluji imeisha. Nani atatetemeka? Serikali irudishe theluji, watu watarudisha mashamba.

— Na kama theluji hairudi? aliuliza Kambale.

— Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka huu ametubu. Mwaka kesho atarudisha safu moja.

Hapo hasira ya Ketura ilifurika. Hawa wanaume walikuwa wakijadili shamba lake kana kwamba ni mechi ya jana, kila mmoja akitafuta goli lake, na kule juu matofali yalikuwa yanashushwa juu ya mizizi.

— Nyamazeni! Mimi nawapikia, nyinyi munatafuna shida yangu na karanga! Munajua mume wangu alichukua miche ya ile mibuni wapi? Aliibeba kichwani kutoka mlimani, mvua inanyesha, mimi nina mimba ya Masika. Thembo hakuwepo. Mhubiri hakuwepo. Leo wanasema ni sadaka. Sadaka ya nani? Mutu anatoa sadaka ya jasho ya marehemu?

Nasani alikuna kidevu. Kambale alitazama pikipiki yake. Wakati huo, nyuma ya benchi, alikuwa amesimama mwanamke mwenye chupa ya chai mkononi na ushungi wa kijani kichwani. Jina lake Habibah, mke wa polisi aliyehamia kambini wiki ile. Alikuwa amesimama muda mrefu akisubiri kujaziwa chupa, na hakuna aliyemwona kwa sababu ya theluji.

— Samahani, wazee wangu. Mimi ni Mwislamu, mambo ya kanisa siyajui vizuri. Naweza kuuliza?

— Uliza, mama, alisema Nasani. — Kuuliza si ujinga.

— Yule mama yako, mzee. Na lile jembe. Alilipeleka peke yake?

— Peke yake? Hata! Aliona aibu, miguu ilikuwa haiendi. Ushirika mzima ulimsindikiza. Watu kama ishirini.

— Na huyu shemeji wa mama, siku ile ya uwanjani. Nyinyi mlikuwepo?

— Tulikuwa pale yote! alisema Kambale kwa fahari.

— Mlimsindikiza mpaka wapi?

Pikipiki mbili zilipita. Mtu mmoja akapiga honi, mwingine akamtukana.

Kambale ndiye aliyempakia Thembo siku ile akamrudisha nyumbani bure, kwa heshima ya wokovu wake. Ojara alimpigia saluti. Nasani, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, aliitwa jukwaani kufunga kwa sala, akamshukuru Mungu kwa moyo mkarimu wa ndugu Thembo. Ketura aliyajua hayo yote, na alikuwa amejiandaa kumtupia kila mmoja lake usoni. Lakini alikumbuka na la kwake. Siku ile alikuwa safu ya nne kutoka jukwaani, amevaa gomesi yake ya sherehe. Watu wote waliokuwa kulia na kushoto kwake walisema amina, na yeye alisema amina. Aliona haya kuwa mtu pekee wa kunyamaza. Sasa haya ya pili ilimpanda, kubwa kuliko ile ya kwanza, na ilimuunguza zaidi kuliko wizi wa Thembo.

Ojara alikohoa, akanyoosha kikombe.

— Mama, ongeza kahawa.

Ketura aliinamisha birika. Lilitoka tone moja, likafuatwa na machicha.

— Imeisha.

— Pika ingine.

— Ya kutoka wapi, Afande? Hii mumekunywa ni ya debe la mwisho, ile nilichuma kabla mpaka haijatembea. Kahawa ya hapa yote inatoka kwa zile safu tatu. Nenda kaombe Mungu akuuzie.

Alichukua ndoo ya kuoshea vikombe akaimwaga jikoni. Makaa yalilia, mvuke ukawapanda wote usoni. Akajifunga leso kiunoni, akamwambia Habibah amsamehe kwa chupa yake, akaanza kupanda kuelekea kilimani. Hakumwita mtu.

Nasani alimtazama akienda hatua kumi, kumi na tano. Kisha akasimama.

Benchi likainuka upande mmoja. Ojara alitua kwa makalio na Kambale akatua juu ya Ojara, vikombe vikabiringika mpaka barabarani.

— Muzee! alipiga kelele Kambale kutoka chini. — Haujatoa taarifa!

— Nilipaswa kuitoa Jumapili, alisema Nasani, akamfuata Ketura.